Kutuma makala na kazi kwenye kongamano la sanaa za kidijitali: mwongozo kwa msanii aliyeko Uganda

Mhakiki hatapanda boda kuja studio kwako Kamwokya. Hatasimama mbele ya kazi yako ikiwaka, wala hatakusikia ukiieleza kwa mikono. Yuko mbele ya kompyuta, mara nyingi usiku baada ya shughuli zake nyingine, ana rundo la maombi ya kusoma, na yote atakayoyajua kukuhusu yamo ndani ya PDF moja na video ya dakika tatu. Nimekaa upande huo wa meza pia. Kazi nyingi nzuri huangukia hapo: kazi ipo, ila faili haiionyeshi. Mwongozo huu unahusu hiyo faili, tangu siku unaposoma wito, yaani tangazo la kongamano la kualika maombi, hadi siku unapokaguliwa mizigo uwanja wa ndege wa Entebbe.

Chagua mlango kabla ya kubisha

Makongamano haya hayafanani. ISEA, kongamano la kimataifa la sanaa za kielektroniki, ilianza mwaka 1988 kule Utrecht, Uholanzi, na huhama kutoka mji hadi mji. Mwaka 2018 ilifanyika Durban, Afrika Kusini. Inawapokea wasanii na watafiti kwa pamoja, na kwa msanii anayeanza ni mlango mzuri. SIGGRAPH ya Marekani, iliyoanza 1974, ni ya watu wa michoro ya kompyuta, lakini ina nafasi ya makala za sanaa na maonyesho yake. NIME, tangu 2001, ni ya ala mpya za muziki: kama umefunga vihisi kwenye amadinda (marimba ya mbao) au adungu (kinubi), peleka huko kabla ya kwingine kokote. xCoAx ya Ulaya, tangu 2013, ni ndogo na yenye utulivu, inapenda kazi za hesabu na programu. Wanaoandika hadithi au mashairi yanayosomwa kwa kubofya wana kongamano la ELO, shirika la fasihi ya kielektroniki. Jirani zaidi kuna Fak'ugesi ya Johannesburg, iliyoanza 2014. Hiyo ni tamasha, hivyo makala yenye marejeo arobaini haina kazi kubwa pale. Ars Electronica ya Linz, Austria, ni tamasha la tangu 1979, na tuzo yake ya Prix, ya tangu 1987, ina wito wake wenyewe. Usichanganye wito wa tuzo na wito wa kongamano.

Kuna pia makongamano ya uongo. Dalili zake huwa wazi ukizitafuta: mkutano unaojumuisha sanaa, uhandisi, kilimo na udaktari kwa pamoja, barua pepe inayokusifu kwa makala uliyoandika kuhusu jambo jingine kabisa, jibu la "umekubaliwa" siku mbili baada ya kutuma, na ada inayodaiwa kabla ya uhakiki wowote. Tafuta kumbukumbu za miaka iliyopita. Kongamano la kweli lina makala za zamani unazoweza kuzifungua na kuzisoma, na majina ya wahakiki ni ya watu unaoweza kuwapata kwenye vyuo vyao.

Soma wito kwa kalamu mkononi

Chapisha wito kwenye karatasi pale Wandegeya, gharama yake ni ndogo. Pigia mstari vitu hivi: aina ya maombi, urefu, tarehe, kama majina ya waandishi yanafichwa kwa wahakiki, na nani analipa nini. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, kisha barua ya kukubaliwa inakuja na sharti kwamba angalau mwandishi mmoja ajisajili na kulipa, vinginevyo makala inaondolewa. Ukiona sharti hilo, andika barua pepe mapema kuuliza kuhusu msamaha wa ada, ufadhili wa safari, au kushiriki kwa mtandao. Kuuliza hakuharibu uhakiki wako. Wanaojibu ni waandaaji, na wanaosoma makala ni watu wengine.

Aina za maombi kwa kawaida ni makala ndefu, makala fupi, bango, mazungumzo ya msanii, kazi ya kusimikwa ukumbini, onyesho la jukwaani na warsha. Maoni yangu: kama hujawahi kutuma popote, anza na mazungumzo ya msanii au makala fupi. Makala ndefu inashindana na ya watu waliofanya shahada ya uzamivu juu ya jambo hilohilo. Mahali pengi pia wanaruhusu kazi moja itumwe mara mbili, kama makala na kama kazi ya maonyesho, ila lazima useme hivyo kwenye fomu zote mbili.

Halafu kuna kaulimbiu. Kila mwaka wanatoa kaulimbiu pana kiasi kwamba karibu kila kitu kinaingia. Usiivute kazi yako kwa kamba ili ilingane nayo. Sentensi moja ya kweli inayoonyesha inapogusana inatosha.

Ikisiri: hapa ndipo pa kutumia siku zako

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, huwa ya maneno 150 hadi 300, na ndiyo inayoamua mhakiki atasoma zilizobaki kwa moyo gani. Tuchukue mfano. Tuseme umetengeneza kazi kwa lubugo, kitambaa cha gome la mutuba, na vihisi vya mguso. Ikisiri ninazokutana nazo mara kwa mara huanza hivi:

"Kazi hii inachunguza makutano ya mila na teknolojia katika Afrika ya leo, ikihoji utambulisho wetu ndani ya utandawazi."

Unaweza kuibandika sentensi hiyo kwenye kazi ya mtu yeyote kutoka Dakar hadi Dar es Salaam na isikosee. Mhakiki akishaimaliza hajaona kitu. Sasa linganisha na hii:

"Vipande vitatu vya lubugo, kila kimoja cha urefu wa mita mbili, vinaning'inia kwenye chumba chenye giza. Nyuma yake kuna vihisi vya mguso vilivyounganishwa na kompyuta ndogo. Mgeni akiweka mkono, anasikia nyundo ya mbao ikipiga gome. Kadiri anavyouacha mkono pale, sauti inahama kutoka nyundo yenye mifereji mipana hadi yenye mifereji myembamba, kwa mpangilio uleule anaoufuata fundi anapolainisha gome. Akitoa mkono, kazi inarudi mwanzo. Tunauliza: je, mgeni anaweza kujifunza hatua za ufundi kwa kusubiri, bila maelezo ya maandishi?"

Angalia kilichofanyika. Kwanza kinachoonekana, na vipimo vyake. Kisha anachokifanya mgeni. Kisha kinachobadilika. Swali limekuja mwisho, na ni swali linaloweza kujibiwa kwa kutazama watu ukumbini. Baada ya hapo ongeza sentensi mbili za usuli kwa msomaji asiyeijua Buganda: kwamba utengenezaji wa lubugo ulitangazwa na UNESCO kuwa kazi bora ya urithi mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008, na kwamba mafundi wake kwa desturi ni wa ukoo wa Ngonge. Usipitilize. Msomaji wa Lisbon anahitaji usuli wa kumwezesha kuielewa kazi, historia nzima ya Kabaka ataitafuta mwenyewe.

Maneno kama lubugo, amadinda na endongo (zeze la Buganda) yaache yalivyo, uyaeleze mara moja pale yanapotokea kwanza. Maombi mengi yanatakiwa kwa Kiingereza. Mimi hushauri rasimu ya kwanza iandikwe kwa lugha unayofikiria nayo, kwa sababu ndipo utakapoona kama una la kusema. Ukishaihamisha, mpe mtu asiyeijua kazi hiyo aisome kisha akueleze ameona nini. Akisema "ni kitu kuhusu mila", rudi mezani.

Makala yenyewe

Makala ya msanii ina mifupa ileile karibu kila mahali: swali lako, waliokutangulia, ulivyotengeneza, kilichotokea watu walipokutana na kazi, na unachokijua sasa ambacho hukukijua awali. Sehemu mbili ndizo zinazotuangusha.

Ya kwanza ni ya waliokutangulia. Wasanii wengi huandika kana kwamba hakuna aliyewahi kutia kihisi kwenye kitambaa. Wapo, na wengi. Mhakiki mmoja kati ya watatu huenda ni mmoja wao. Google Scholar ni ya bure, makala za zamani za NIME ziko wazi mtandaoni, na ISEA ina hifadhi yake ya mtandaoni. Tafuta kazi tano zilizo karibu na yako, usome kweli, na kwa kila moja uandike sentensi ya inakofanana na nyingine ya inakoachana na yako. Kama una rafiki pale Margaret Trowell, shule ya sanaa ya Makerere ambayo mizizi yake ni ya 1937, mwombe akuingize maktaba. Kituo cha 32° East hapahapa Kampala nacho ni mahali pa kukutana na wasanii ambao wameshaandika maombi ya namna hii. Msomaji mmoja mkali kutoka huko atakufaa kuliko marafiki kumi wa kukupongeza.

Ya pili ni kilichotokea. Watu huandika "wageni walifurahia sana", basi. Rudi kwenye mfano wetu. Kihisi cha mguso kinasoma badiliko dogo la chaji mkono unapokaribia. Gome hunyonya unyevu. Msimu wa mvua usomaji unapanda hata kama hakuna aliyegusa, na kazi inaanza kupiga nyundo yenyewe usiku. Wengi wangeficha jambo hilo. Liandike! Eleza ulivyoligundua, ulivyobadilisha programu ili ipime hali ya chumba kila baada ya muda na kujirekebisha, na jinsi hilo lilivyokufundisha kwamba gome lenyewe ni sehemu ya kihisi. Hapo umempa mhakiki kitu ambacho hawezi kukipata kwa mtu aliyetumia pamba ya dukani.

Tumia kiolezo chao (faili ya mpangilio wa kurasa, template), usibuni chako. ACM, chama cha wanakompyuta kilicho nyuma ya SIGGRAPH, wana chao, NIME wana chao, na vingi vinapatikana kwa Word na kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi kwa amri; Overleaf huendesha LaTeX ndani ya kivinjari kama hutaki kusakinisha kitu. Marejeo yaachie Zotero, programu ya kuyapanga, ni ya bure. Picha ziwe na ubora wa kuchapishika, na kila picha iwe na maelezo yanayosema inaonyesha nini, maana mhakiki mwenye haraka husoma ikisiri, picha na hitimisho kabla ya mengine yote.

Kuhusu programu za akili bandia: makongamano mengi sasa yanataka useme kama umezitumia, na wapi. Sema. Kunyoosha sarufi si dhambi. Kuleta marejeo yasiyokuwepo duniani ni njia ya haraka ya kutupwa nje.

Majina, ruhusa na haki

Pale wito unaposema majina yafichwe, kuyafuta chini ya kichwa cha makala hakutoshi. Fungua sifa za PDF (Properties), jina lako limo humo kwa sababu Word imeliweka. Jina la faili pia, na shukrani kwa chuo chako, na namba ya kibali cha utafiti, na video inayoanza na wewe ukijitambulisha. Kazi zako za nyuma zitaje kama za mtu mwingine: andika "mwandishi fulani alionyesha", usiandike "kama nilivyoonyesha". Kwa kazi za maonyesho hali mara nyingi ni kinyume: wanataka jina, wasifu mfupi na tovuti. Ndiyo maana nilisema kalamu mkononi.

Umerekodi sauti au nyuso za watu? Sheria ya Uganda ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inakuhusu. Pata ridhaa yao, iliyoandikwa au iliyorekodiwa kwa lugha wanayoielewa, ikitaja kwamba sauti itapigwa nje ya nchi na kuwekwa mtandaoni. Na kama unafanya utafiti rasmi kwa kuhoji watu, unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Vibali hivi havitoki kwa wiki moja, anza navyo mwanzo. Mafundi waliokupa sauti waandike kwa majina kwenye orodha ya washiriki, kama wenyewe wanataka. Inashangaza jinsi fundi wa programu anavyotajwa kwa jina kamili na fundi wa gome anabaki "jamii ya wenyeji".

Muziki wa mtu mwingine usiutie kwenye video yako bila ruhusa, hata sekunde kumi. Haki ya kazi yako mwenyewe unayo tangu ilipotengenezwa, kwa sheria ya hakimiliki ya 2006. Ukitaka cheti cha kuthibitisha, URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ndio wanaosajili.

Video na karatasi ya mahitaji

Video ianze na kazi. Hakuna nembo inayozunguka, hakuna machweo juu ya Ziwa Nalubaale (Victoria) yaliyopigwa kwa droni. Ndani ya sekunde ishirini za kwanza tuone mkono ukigusa na tusikie kinachotokea, bila kukata. Sauti ya kweli ya chumba ibaki, maandishi ya chini yawepo.

Ukubwa wa faili ni hesabu ya shule ya msingi: megabiti kwa sekunde, mara idadi ya sekunde, gawanya kwa nane. Video ya dakika tatu kwa megabiti 5 inatoa takriban MB 112, na kama kikomo ni MB 100, mfumo utaikataa. Shusha hadi megabiti 4 upate MB 90, ongeza sauti kidogo, bado umo ndani. Programu ya HandBrake ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Chagua MP4 yenye H.264, kwa sababu hufunguka karibu kila mashine. Kama wanataka kiungo badala ya faili, kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Kiungo kinachomwambia mhakiki "omba ruhusa" kimekwisha; hataomba. Na usikifute hadi majibu yatoke.

Kwa kazi ya kusimikwa, karatasi ya mahitaji ya kiufundi husomwa na mtu ambaye hajali falsafa yako hata kidogo. Anataka kujua vipimo vya nafasi kwa mita, giza au mwanga, uzito na namna ya kuning'iniza, projekta ya nguvu gani na iwe umbali gani, unaleta nini na wao watoe nini, dakika ngapi za kusimika, na ikizima asubuhi nani anaiwasha na kwa kubonyeza wapi. Chora ramani ya chumba hata kwa mkono. Andika umeme: vifaa vyetu ni vya volti 240, sehemu kubwa ya Ulaya ni 230 ila plagi ni nyingine, na Marekani ni 120. Chaja ya kompyuta mpakato kwa kawaida inakubali yote, soma kibandiko chake. Mota au taa uliyonunua mjini huenda isikubali.

Siku ya kutuma

Tarehe ya mwisho nyingi huandikwa AoE, maana yake popote duniani, na ni saa 12 nyuma ya saa ya dunia wakati sisi tuko saa tatu mbele. Hivyo tarehe 15 saa 5:59 usiku kwa AoE ni tarehe 16 saa 8:59 mchana Kampala. Lakini ikiandikwa UTC, tarehe 15 saa 5:59 usiku ni saa 8:59 usiku kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 16. Saa zinafanana, na katikati yake kuna nusu siku nzima. Ziandike zote mbili ukutani.

Fungua akaunti kwenye mfumo wao, iwe EasyChair, OpenReview, CMT au mwingine, wiki moja kabla. Baadhi hutaka ORCID, namba ya kumtambulisha mwandishi yenye tarakimu 16, unayoipata bure. Nyingine zina tarehe mbili, ya ikisiri kwanza na ya makala baadaye, na aliyekosa ya kwanza hawezi kutuma ya pili. Pandisha rasimu mapema, kisha uibadilishe mara utakavyo hadi siku ya mwisho. Mifumo mingi inaruhusu. Umeme ukikatika Kyaliwajjala saa nane mchana, rasimu ya juzi iko ndani tayari. Ukishatuma, pakua faili kutoka kwenye mfumo uifungue uone kama ndiyo uliyokusudia.

Majibu, na safari

Ukikataliwa, weka maoni kando kwa siku chache. Kisha tenganisha yale ambayo wahakiki wawili wameyasema kila mtu kivyake. Hayo ni ya kurekebisha hata kama yanauma. La mtu mmoja lipime. Ambaye hakuelewa kazi yako anakuonyesha aya iliyofungika, na aya hiyo ndiyo ya kuandika upya kabla ya kutuma kwingine.

Ukikubaliwa, rudisha majina kwenye nakala ya mwisho, saini fomu ya haki baada ya kuisoma, na siku hiyohiyo omba barua ya mwaliko ya viza. Viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na baadhi ya nchi hupokea maombi yetu Nairobi au kupitia ubalozi wa nchi nyingine. Barua itaje jina kama lilivyo kwenye pasi, kichwa cha kazi, tarehe, na nani analipia malazi.

Vifaa: betri za akiba na pawabenki huenda mkononi, kamwe si kwenye sanduku la kupakiwa. Kikomo bila ruhusa ya shirika la ndege ni Wh (wati-saa) 100, na pawabenki ya mAh 20,000 ni takriban Wh 74, hivyo inapita. Kwa lubugo, mbao, vibuyu au chochote kilichotoka kwenye mmea, uliza mapema nchi unakokwenda wanataka nini, kwa sababu huenda ukahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo. Andaa orodha ya vifaa vyote na namba zake za kiwandani (serial number) na thamani, uwaonyeshe maofisa wa forodha wa URA, mamlaka ya mapato, pale Entebbe unapotoka, ili projekta yako ndogo isije ikaonekana mzigo mpya unaporudi nayo. Nakala moja ya orodha ibaki na mtu nyumbani, nyingine iwe kwenye simu, na uende uwanja wa ndege mapema kuliko wasafiri wengine, maana sanduku lenye nyaya na gome linafunguliwa karibu kila mara.